Mtoto Mwenye Ulemavu Darasani: Siasa au Haki?

Watu wengi hudhani kwamba ukiijua itikadi ya mtu, umekwisha kuujua msimamo wake juu ya mtoto mwenye ulemavu. Mpenda usawa, husemwa, atamkaribisha darasani pamoja na wenziwe. Mpenda ushindani atamtenga. Je, dhana hii ni ya kweli? Sisi tunaofundisha katika vilima vya Makebuko, upande wa Gitega, hatuna budi kuipima, maana ndio tunaompokea mtoto mlangoni.

Tuwatazame majirani zetu. Tanzania ilitangaza usawa wa binadamu katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hata hivyo, mwaka 1974 mtoto kiziwi alifunguliwa shule ya peke yake huko Buguruni, Dar es Salaam. Uganda, iliyokuwa imekwisha kushika njia ya soko huria, ilipoanza mwaka 1997 kuwasomesha bila ada watoto wanne wa kila jamaa, iliagiza kwamba mwenye ulemavu atangulizwe. Basi itikadi peke yake si kipimo.

Wala tusiharakishe kuilaumu Buguruni. Kiziwi aliyeketishwa mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama amepewa dawati, hakupewa elimu. Huko nako ni kumtenga, ijapokuwa yumo ndani.

Nchini mwetu Burundi, ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, na madarasa yakafurika. Mwaka 2014 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaodai elimu ya pamoja isiyobagua. Tangu hapo husikika kauli tatu. Mwenye huruma husema, "Tumsaidie maskini huyu." Lakini sadaka hutolewa moyo upendapo, na moyo ukichoka mtoto hurudi nyumbani. Mwanasiasa husema, "Tumekwisha kuridhia." Lakini mkataba haushiki chaki. Mwalimu naye huuliza, "Je, ni halali mmoja achukue wakati wa wengi?"

Swali hili la mwisho ndilo zito, wala halijibiwi kwa kumkemea muulizaji. Jibu lake tunalo katika mila zetu. Mshingantahe anapoamua shauri hahesabu jamaa wa kila upande; hutazama haki iko wapi. Laiti angefuata wingi wa watu, mnyonge asingeshinda kesi hata moja. Vivyo hivyo, haki ya kusoma haipungui kwa sababu mwenye kuidai ni mmoja kati ya themanini.

Lakini haki hiyohiyo inamdai na mwenye mamlaka. Si uadilifu kumtwika mwalimu mmoja mzigo wa taifa zima, kisha kumlaumu anapolemewa. Lugha ya alama na maandishi ya nukta nundu vifundishwe katika vyuo vya ualimu. Madarasa yapunguzwe wanafunzi. Mlango wa shule upitike kwa kiti cha magurudumu. Anayeunga mkono elimu ya pamoja, awe wa chama chochote, na atuonyeshe fungu alilolitenga.

Wahenga walinena: hujafa hujaumbika. Anayemwekea nafasi mtoto huyu leo hamfadhili mgeni. Anatengeneza shule ambayo hata mwanawe, akipatwa na ajali kesho, hatafukuzwa.