Vifaru, Majembe na Watoto wa Kongwa

Masomo: Isaya 2:1–5; Mwanzo 21:8–21



Majira ya Majilio husomwa kanisani maono ya Isaya juu ya mlima wa Bwana, ambapo mataifa wataziponda silaha zao na kuzifanya zana za kulimia. Ni neno tamu. Lakini iko sehemu moja ya nchi yetu ambako neno hilo lilijaribiwa kwa chuma halisi, nayo ni Kongwa, mashariki ya Dodoma. Kongwa ile ile yenye Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo, walikosomea makasisi wengi wa Kanisa letu.

Mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha huko mpango mkubwa wa kulima karanga. Kwao mafuta ya kula yalikuwa haba, na matrekta yalikuwa adimu. Basi vifaru vilivyobaki vitani vikaondolewa mizinga, vikageuzwa matrekta, vikaletwa kung'oa vichaka na mibuyu ya Ugogo. Kwa macho tu, ungesema unabii umetimia. Lakini udongo ule mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama saruji, na wenyeji walioijua ardhi yao hawakusikilizwa. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Kumbe hata jembe laweza kushikwa kwa kiburi.

Kisha mambo yakageuka, kama Yoeli 3:10 inavyogeuza maneno ya Isaya: majembe sasa yawe silaha. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Mei 1963, na Kamati yake ya Ukombozi ikawa na makao Dar es Salaam. Mwaka 1964 serikali yetu ikawapa wapigania uhuru mahali pale pa karanga wafanye kambi. Wakaja FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe na MPLA wa Angola. Samora Machel alikuwapo, na Chris Hani pia. Walifanya mazoezi, wakalenga shabaha, wakalima bustani zao, wakangoja. Kungoja ndiko kulikuwa kwingi. Msumbiji na Angola zilipata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990. Afrika Kusini walipiga kura ya watu wote mwaka 1994.

Je, Mkristo aheshimu mahali watu walipofundishwa kupiga risasi? Mimi nasema aheshimu, ingawa sisemi kwa furaha. Mwaka 1960, Mueda huko Msumbiji na Sharpeville huko Afrika Kusini, watu waliokuja kudai haki yao mikono mitupu walijibiwa kwa bunduki. Anayewalaumu vijana wa Kongwa na atuambie kwanza ni mlango gani mwingine walioachiwa wazi.

Leo yako makaburi ya wapiganaji huko Kongwa, na wageni hupelekwa kuyaona. Ni vizuri. Lakini alama nyingine ya kambi ile haikuandikwa kwenye jiwe. Vijana wale waliishi jirani na wanakijiji miaka mingi, na watoto wakazaliwa. Wako waliooa kwa taratibu, wako wasiooa. Amri ilipokuja, baba akaondoka, wala hakuweza kueleza anakwenda wapi. Wengi walitumia majina ya vita, hata mtoto akitaka kumtafuta baba yake amebaki na jina ambalo huko kwao hakuna aliyepata kulisikia. Waliokomboa nchi nne au tano waliacha nyuma yao akina Hajiri.

Someni tena Mwanzo 21. Ibrahimu alikuwa mtu wa imani, naye alimtoa Hajiri na mkate na kiriba cha maji, basi. Maji yakaisha. Mama akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali, asimwone akifa. Angalieni Mungu alisikia sauti ya nani: ya kijana. Hakuuliza kwanza habari za ndoa ya mama yake.

Nasi Maganzo tunayajua haya. Tangu almasi ya Mwadui ilipogunduliwa mwaka 1940 watu wametujia kutoka kila upande. Wamepanga vyumba, wamechekecha mchanga, kisha wamesikia tetesi za dhahabu ya Geita wakahama usiku na deni la dukani. Wameacha mashimo, nayo tunayalalamikia sana kila mvua zinapojaa. Wameacha na watoto. Mama anapokuja kuandikisha ubatizo huulizwa jina la baba mbele ya watu, na kwenye benchi la nyuma hukosekani mtu wa kuguna. Nimefundisha watoto miaka mingi. Anayeitwa "wa machimboni" naweza kumtambua kwa jinsi anavyoketi.

Kitabu cha Sala kinataka mtoto awe na wazazi wa ubatizo. Hakisemi asiye na baba arudishwe nyumbani. Basi mwanamume yeyote aliyepokea Kipaimara, aliye tayari kusimama kama baba wa ubatizo kwa mtoto wa namna hiyo, na kuulizia daftari zake za shule kila mwezi, amwone katekista baada ya ibada. Asingoje kuombwa na mama mwenyewe, maana huyo ameketi mbali na mtoto wake, amegeuza uso.