Kitambulisho cha Mama Kiko Mfukoni mwa Nani?



 Siku ya malipo ya pensheni jamii, ndugu wawili wa tumbo moja wameshikana mashati mbele ya shehia nzima, kila mmoja akidai yeye ndiye akae na kitambulisho cha mama yao. Na mama mwenyewe alikuwapo! Amekaa kwenye benchi, akili zake timamu, na hakuna hata mmoja, si wanawe wala waamuzi, aliyemuuliza anataka nini.

Pensheni hii ilipoanza hapa Zanzibar, Aprili 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuajiriwa siku moja maishani mwake. Amepewa mzee, hakupewa mwanawe. Wewe unaipokea, unamletea mama kilo ya sukari na unga, kisha unajisifu barazani kuwa unamtunza. Unamtunza kwa fedha zake!

Mtaniambia: Sheikh, sisi wazee wetu tunawalisha na hospitali tunawapeleka. Alhamdulillah. Aya ya 23 ya Suratul Israa, inayokataza kuwaambia wazazi hata "ah", mnaijua nyote. Basi ulimi tumeuzuia. Lakini tunauza shamba la baba bila ya kumwambia, tunamhamisha chumba akiwa msikitini, daktari akimuuliza yeye tunajibu sisi. Neno halikutoka, na baba amelisikia.

Namjua bibi mmoja aliyeletwa Unguja na mwanawe kutoka Pemba. Kijana mwema wallahi, sina la kumsema kwa chakula wala dawa. Lakini bibi yule alikuwa msusi wa mikeka. Huko kwao alisuka ukili tangu asubuhi, akiushona, akiuza, na fedha ile ndiyo iliyomtolea mchango kwenye maulidi na rambirambi kwenye misiba. Alikuwa mtu katika watu. Alipofika mjini akaomba miyaa. Akaambiwa itachafua ukumbi. Akataka kupika, ataungua. Akataka kwenda kuhani jirani, ataanguka. "Mama, wewe pumzika." Nilipokwenda kumjulia hali akaniita karibu, akanambia, "Sheikh, nimepumzishwa mpaka nimechoka." Mwanawe akacheka, akasema mama anatania. Hakuwa akitania. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko cha kazi ya mkono wa mtu, na kwamba Nabii Daudi, pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mkono wake. Hakutuwekea umri wa mwisho. Nani kakupa wewe ruhusa ya kuuweka?

Nirudi kwa wale wa kitambulisho, maana hawajaniisha. Wamejitetea kwamba mama "kesha potea." Someni Suratu Yusuf. Nabii Yaaqub, mzee, macho yamefanya weupe kwa huzuni, alisema anaipata harufu ya Yusuf, kama hawatamwona amepungukiwa na akili. Waliokuwa naye wakaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba bado yumo katika upotevu wake wa zamani. Nani alikuwa sahihi? Kanzu ilipofika ikawekwa usoni pake, akaona. Wapo wazee waliopotewa na kumbukumbu kweli, anayesahau jiko linawaka, anayetoka usiku asijue njia ya kurudia. Huyo alindwe, na mali yake ishikwe kwa mashahidi na hesabu. Lakini nyinyi mzee wenu hupotea akikataa kuuza mikarafuu. Akikubali kutia dole gumba, akili zimerudi!

Siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Abubakar alimleta baba yake, Abu Quhafa, kwa Mtume (S.A.W.). Mzee alikuwa kipofu, nywele zote nyeupe. Mtume akamuuliza Abubakar kwa nini hakumwacha mzee nyumbani kwake, yeye Mtume akamfuata huko huko. Mji mzima uko mikononi mwake siku hiyo, na anafikiria miguu ya mzee mmoja na heshima ya nyumba yake. Sisi tunamburuza mzee ofisini kuweka saini asiyoijua.

Na kamati ya msikiti msinikunjie uso, maana mumo. Fedha za mnara zimechangwa zikatimia. Penye kutawadha mmeweka marumaru yanayoteleza, ngazi za mlangoni hazina pa kushika, na wazee wa safu ya mbele sasa wanasali majumbani, nasi tunasema wamechoka. Hawajachoka, wanaogopa kuvunjika nyonga. Fundi nimekwishamwita, atakuja Jumatatu kutia vyuma vya kushikia. Akifika asinifuate mimi wala mweka hazina. Aende kwa wazee wenyewe, wamwoneshe mkono wao unafika wapi.