Mgaagaa na Upwa na Deni la Jamii

Wahenga walinena: "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Sisi wakazi wa Buzebazeba, katika mji wa Kigoma-Ujiji, tunaiona methali hiyo ikipimwa kila usiku katika Ziwa Tanganyika. Vijana huingia majini na taa zao kuvua dagaa. Lakini mbalamwezi ikikolea, dagaa hawavutwi tena na taa, na mitumbwi hulala ufukoni. Siku hizo kijana hana ujira, maana malipo yake ni fungu la kilichovuliwa, wala si mshahara. Tena ziwa lilipofungwa, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, upwa ulikuwapo, wagaagaaji walikuwapo, na wali ulikuwa mkavu.

Je, hao nao tuwaite wavivu? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba kila mwenye nguvu hana budi kufanya kazi, nasi hatulikani funzo hilo. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilipofuata, waliohesabiwa wazururaji mijini walisombwa wakapelekwa vijijini. Kijana aliulizwa, "Unafanya kazi gani?" Ni wachache waliouliza, "Kazi iko wapi?" Nasi twaona kwamba maswali hayo mawili ni pacha. Wajibu usiowezekana kutimizwa si wajibu, bali ni lawama tu.

Wako, ni kweli, vijana wanaodharau jembe na nyavu, hao tuwakanye. Lakini mwendesha bodaboda apelekaye hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, awe amepata abiria au hakupata, hakosi juhudi. Akosacho ni uhakika wa kesho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 humkinga mwajiriwa. Yeye, asiye na mkataba, aegemee wapi?

Hatusemi ziwa lisifungwe. Samaki anayeachwa azae leo ndiye kazi ya kesho. Twasema tu kwamba faida ikiwa ya wote, hasara isiwe ya mmoja. Mla dagaa wa Dodoma na mla migebuka wa Ujiji wote ni wadeni wa kijana aliyekaa miezi mitatu bila kitu.

Basi, mwalimu, unapoifundisha methali ile darasani, wafundishe wanafunzi wako pande zake mbili: kijana agaegae na upwa, nasi tuhakikishe kwamba upwa una kitu.