Siku Nilipomuua Baba kwa Ajili ya Insha



Baba yangu ni mzima. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu muhula wa kwanza chuoni nilimuua, tena kwa Kiingereza.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza tulikuwa na somo la Kiingereza, lile la kufundishwa kuandika. Madam akatupa kazi: kurasa mbili kuhusu mtu aliyebadilisha maisha yako. Nikakaa maktaba saa nzima namfikiria baba. Ni fundi baiskeli, Tabora. Anaamka, anasali, anafungua kibanda, anaziba pancha, anarudi nyumbani. Sasa hapo utaandika nini? Nikakumbuka alivyonibebea godoro kwenye baiskeli nilipoanza kidato cha kwanza, kilomita 40 hadi bwenini, mimi nimekaa kwenye fremu, na mvua ikatukuta njiani. Hiyo ni kweli. Lakini niliona haitoshi. Basi katika insha nikaleta lori. Nikamlaza baba barabarani kando ya godoro, nikamtungia na maneno ya mwisho.

Ajabu ni kwamba haikuniuma hata kidogo. Nimefikiri sana kwa nini. Mimi, kama wengi wenu, nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikanikuta sekondari, na nilikijua kwa kukariri: barua inaanza hivi, insha inamalizika hivi, methali hii inawekwa pale. Kuandika kwangu kulikuwa ni kupanga matofali yaliyofyatuliwa na watu wengine. Neno lao la marehemu ni lile lile la mtu aliyechelewa basi. Nikaliweka mbele ya jina la baba, nikaendelea na sentensi. Kwa Kiswahili nisingeweza. Marehemu lina rehema ndani yake. Ukiliandika unasikia turubai linafungwa nje na kina mama wanaanza kufika na kanga viunoni. Mkono ungegoma.

Nikapata 17 kati ya 20. Madam akaisoma mbele ya darasa zima.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Jioni mwenzetu mmoja wa jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki akaja hosteli na bahasha: wamechangishana, sh. 23,000, ya pole. Nikapokea. Ningesema nini? Kumbe alikuwa ameandika na nia ya Misa. Jumapili padre akasoma majina ya marehemu wanaoombewa, na katikati yao nikasikia jina la baba yangu, la ubatizo na la ukoo, kama nilivyoliandika kwenye insha. Kanisa zima likamwombea raha ya milele. Nami nikaitikia.

Saa nane mchana simu ikaita. Baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umesali leo?"

Yaani sijui nilijibu nini.

Nilikwenda kuungama, kisha nikamwomba padre mlezi tuongee nje, maana nilikuwa na hoja na sikutaka kuiacha. Nikamwambia: padre, lakini ile ilikuwa insha tu. Watunzi wa riwaya wanaua watu kila siku. Hata Bwana Yesu alitunga. Yule mwana mpotevu hana kaburi wala cheti cha ubatizo. Padre akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja: "Nani kati ya waliokusoma alijua umetunga?"

Hakuna. Waliomsikiliza Yesu walijua wanapewa mfano. Anayenunua riwaya anajua ananunua riwaya. Kuna makubaliano hapo, hata kama hayasemwi. Mimi niliomba niaminiwe, na nikaaminiwa hadi kwenye pochi za watu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2482, ikimfuata Mtakatifu Augustino, inauweka uongo papo hapo: kusema lisilo kweli kwa nia ya kumdanganya mwingine.

Nikatoka nimekubali, ila nikaendelea kusoma (ubishi wangu mnaujua), na huyo huyo Augustino akanivuruga tena. Kabla ya kuongoka alikuwa mwalimu wa ufasaha, Karthago, kisha Roma, kisha Milano. Katika Maungamo anasimulia alivyokuwa akiandaa hotuba ya kumsifu kaisari, imejaa uongo, na wasikilizaji wangemshangilia huku wakijua anadanganya. Njiani akamwona ombaomba amelewa, anacheka, akaona yule maskini ana furaha kumzidi yeye. Kazi ile aliiacha mwaka 386, na Pasaka ya 387 Askofu Ambrosi akambatiza. Sasa angalieni: wasikilizaji wake walijua. Kwa kipimo cha swali la padre, ni kama hakudanganywa mtu. Mbona ilimtafuna hivyo?

Nadhani ni kwa sababu maneno yanamrudia pia anayeyaandika. Mimi kabla ya mtu yeyote kuisoma ile insha nilikuwa nimeshaamua kwamba baba akiwa hai hana thamani ya kurasa mbili. Hilo halimo kwenye lori. Limo kwenye ile saa moja ya maktaba.

Na tusijidanganye kwamba ni mambo ya darasani tu. Kwenye semina zetu mtu anasimama kutoa ushuhuda, anaona wenzake wanasinzia, basi dhambi zake za zamani zinakua kidogo, ulevi wa wiki mbili unakuwa wa miaka miwili. Nimefanya. Tunasema ni kwa ajili ya kuwajenga wengine.

Namba 2487 ya Katekisimu inasema hata ukisamehewa, unabaki na wajibu wa kurekebisha. Kwa upande wangu kurekebisha kulikuwa na bei: nilikuwa nimeshakula sh. 9,000 kwa bando na chipsi mayai. Nilirudisha yote, kwa mkono, mbele ya jumuiya, nikaeleza. Wengine walicheka. Yule dada aliyeleta bahasha hakucheka. Hanisalimii vizuri mpaka sasa, na sina la kumlaumu.

Madam alinitazama kimya, akaifuta ile 17, akasema niandike upya, baba akiwa hai. Ilinichukua siku nne. Matofali yangu ya kukariri hayakufaa. Kwa Kiingereza mtu anasemaje baba anavyolamba kidole na kukipitisha kwenye tairi kutafuta tundu? Anavyoegemeza sikio kwenye spoku? Sentensi zikachechemea. Nilipata 11, na pembeni ya mstari wa kidole Madam alikuwa ameweka alama ya vema bila neno.

Baba nilimwambia likizo ikikaribia, kwa simu, maana uso kwa uso nisingeweza. Alinyamaza muda mrefu. Nikasikia nyundo inawekwa chini.

"Watu walikuwa wengi kanisani?"

"Walijaa, baba."

"Mama yako usimwambie," akasema, akakata simu.