Zimwi Hujulikana kwa Linachokula

Katika hadithi za Ukambani, zimwi huja limependeza. Susu, yaani nyanya, anaposimulia, eimu, ndilo zimwi kwa Kikamba, habishi mlango kwa makucha. Anayekuja ni kijana mtanashati, hodari wa kucheza ngoma, na binti aliyewakataa wachumba wote wa kijijini humfuata huyo huyo. Wanavuka mto, wanavuka mwingine, na kadiri nyumbani kunavyozidi kuwa mbali ndivyo uzuri unavyomtoka yule bwana. Watoto wanaosikiliza hung'amua mambo mapema kuliko bibi harusi, na hofu yao yote imo katika kumwona anaendelea kutembea.

Wahindi waliojenga reli nao walikuja na mazimwi yao. Kati ya 1896 na 1901, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na kazi yao ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, nchi ambayo leo ni Kaunti ya Makueni. Wahindu waliokuwamo walikuwa wamelelewa na habari za Ravana, mfalme wa rakshasa, yaani mazimwi, kule Lanka, mwenye vichwa kumi, aliyemteka Sita mke wa Rama. Hata Ravana hakuvionyesha vichwa vyake mlangoni kwa Sita. Alijigeuza mtawa anayeishi kwa sadaka, naye Sita akamkaribisha kwa heshima apewayo mgeni wa namna hiyo. Kabla ya hapo Maricha, rakshasa mwenzake, alikuwa amejigeuza paa wa dhahabu ili amvute Rama mwituni. Bibi wa Punjab na susu wa Mbooni hawakuwahi kuonana, lakini kilichowatisha ni kimoja: mwovu anayeutumia ukarimu wetu kama mlango wa kuingilia.

Simba walipoanza kuwala wafanyakazi wa reli pale Tsavo mwaka 1898, kambi nzima iliingiwa na wazo kwamba wale hawakuwa wanyama. J. H. Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliandika kwamba vibarua waliwaona kuwa roho za machifu wawili waliokufa, zilizokasirishwa na reli kupita katika nchi yao. Walikuwa simba. Lakini mtu akiliwa karibu nawe gizani, akili hutafuta nani amekosewa.

Jambo linalonivuta zaidi katika masimulizi ya Kihindu ni ukoo. Ravana alikuwa mwana wa Vishrava, mtu mtakatifu, na mjukuu wa Pulastya, mmoja wa wahenga wakuu. Kubera, mungu wa utajiri, alikuwa ndugu yake kwa baba. Asura, yaani mashetani wa hadithi hizo, na miungu wanaopigana nao wanatajwa kuwa watoto wa baba mmoja, Kashyapa. Kwa hiyo vita vile vyote ni vya nyumbani. Tena ndani ya koo hizo hizo za mashetani wamo watu wema kupindukia. Prahlada, mwana wa Hiranyakashipu, alishikilia ibada yake ingawa baba yake alijaribu kumuua kwa ajili hiyo. Mjukuu wa Prahlada, Mahabali, alikuwa mfalme mwadilifu kiasi kwamba watu wa Kerala mpaka leo huadhimisha Onam kumkaribisha arudi kuwaona. Waliozitunga hadithi hizi wangeweza kumwacha shetani akae mbali, awe wa damu nyingine. Walikataa.

Nawaza hayo nikisikia jinsi tunavyosema habari za majirani. Mashariki ya Kitui, pande za Tseikuru na Mutha, ukame ukizidi wafugaji wa ngamia huingia wakitafuta malisho. Mashamba huliwa, visima hugombaniwa, na kuna miaka watu wameuawa. Huzuni hiyo ni ya kweli, na mwenye shamba ana haki ya kulia. Lakini baada ya kilio huja maneno mengine, kwamba wale ni wa kuzaliwa hivyo, kwamba si watu. Mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na jamaa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho anayemjua akiondoka, marehemu huingia katika kundi la aimu, wasio na majina, na hao ndio wanaoogopwa. Sisi tunawafanyia hivyo watu walio hai. Hatujui jina la hata mmoja, kisha tunashangaa wanavyotutisha.

Na huku tukikodolea macho mpaka wa mashariki, mito yetu inaliwa. Mchanga wa Thwake, Kaiti na Tiva ndio unaohifadhi maji baada ya mvua kupita. Kina mama huufukua kiangazi na kupata maji ya kunywa. Malori huja usiku kuubeba kwenda kujenga mijini. Mchanga ukiisha, mvua hupita juu ya mwamba na kwenda zake, na kisima kilichowanywesha wazee wetu hukauka. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na imesaidia, lakini sheria hailali mtoni. Anayeshika koleo usiku ule ni mtoto wa kijiji hicho hicho. Anazijua njia zote, na fedha anazolipwa ni nzuri kwa kijana asiye na kazi. Wahenga walitufariji kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kando ya mto uliobaki mawe matupu, faraja hiyo siioni. Anayetujua ndiye anayejua pa kuanzia.

Vibhishana alikuwa rakshasa, ndugu wa Ravana wa tumbo moja. Kabla ya vita alimwambia kaka yake mbele ya baraza amrudishe Sita kwa mwenyewe. Alitukanwa kuwa msaliti wa damu yake, akaondoka Lanka na kuvuka bahari kwenda upande wa Rama. Wapo wazee huku kwetu waliosimama mtoni mbele ya lori wakawaambia vijana wao wenyewe washushe mchanga, nao wakaitwa adui wa maendeleo na watu wa nyumba zao. Bado wanakwenda mtoni.