DENI AU KOSA?



Mkristo mmoja wa Kaole alimkopesha jirani yake fedha za kununulia nyavu. Siku ya kulipa ilipopita akamwendea kumdai. Yule jirani akamjibu: "Je, Jumapili hatukuomba pamoja tusamehewe kama tusamehevyo? Basi deni langu limekwisha." Mkopeshaji akaja kwetu amefadhaika, akauliza kama Sala ya Bwana yamnyang'anya haki yake. Neno hili si dogo.

Tutazame kwanza lugha. Mathayo aliandika neno la Kiyunani ambalo maana yake ni deni. Luka katika sala iyo hiyo ataja dhambi. Waingereza katika Kitabu chao cha Sala husema "trespass". Neno hili lina maana zaidi ya moja: kuvuka mpaka na kuingia katika shamba la mtu pasipo ruhusa, tena kumkosea mtu au Mungu. Mjerumani akitaka kulifasiri hana neno moja lichukualo maana hizo zote. Katika sala husema "Schuld", nalo kwake ni hatia, tena ni deni. Hivyo picha ya mpaka yatoweka, na picha ya deni yaingia. Nasi vilevile: katika Biblia iliyotolewa mwaka 1952 twasoma deni katika Mathayo, na katika ibada twasema makosa.

Je, yuko aliyefasiri vibaya? Sivyo. Kila neno lashika upande wake. Watu wa pwani tunajua mpaka: avukaye na kuingia katika minazi ya mwenziwe amemkosea, hata asipochukua nazi moja. Tena tunajua deni. Katika karne ya 19 misafara iliondoka Bagamoyo kwa mali ya mkopo kutoka kwa matajiri, kama Sewa Haji aliyekufa mwaka 1897. Mwenye msafara akifika Tabora au Ujiji, deni lilikuwa pamoja naye. Aliyevuka mpaka aweza kurudi nyuma. Mwenye deni hata akirudi angali anadaiwa. Dhambi ina mambo hayo mawili.

Basi yule jirani alikosea wapi? Alichukua neno la kuomba akalifanya neno la kudai. Kusamehe ni kwa mdai, wala mdaiwa hawezi kujisamehe mwenyewe. Zakayo alipopokewa na Bwana hakusema, "Yamekwisha". Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Wahenga nao walinena: dawa ya deni ni kulipa.

Lakini mkopeshaji naye asijifurahishe upesi. Yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 alimkaba koo mwenziwe kwa dinari 100, na hizo dinari alikuwa anazidai kwa haki. Haki yake haikumwokoa, kwa kuwa alisahau rehema aliyoipata.

Tuliwaita wote wawili. Mdaiwa alikubali kulipa kidogo kidogo kila avuapo samaki. Mdai alikubali kungoja, na kumsalimu njiani kama zamani. Fedha hazijatimia bado. Lakini Jumapili iliyofuata walisimama katika safu moja wakaisali sala ile, na kila mmoja alijua ni neno gani limpasalo yeye.

Bwana atufundishe kulipa tuwiwapo, na kusamehe tuwiapo.