Kwani Imeharibika?

"Kwani imeharibika?" Sista aliniuliza.

"Haijaharibika."

"Sasa kijana, unatengeneza nini?"

Nilicheka. Nilikuwa nimetoka Garissa na begi la waya na laptopu, nikapitia Wajir, nikateremka Kutulo nikiwa vumbi tupu. Swali lenyewe nililiona la kizamani. Kufikia jioni sikuwa nacheka.

Abti ndiye aliyeniita. Yeye ni mmoja wa wazee wa kamati ya zahanati moja ya upande ule, ambayo sitaitaja. "Abti," aliniambia kwa simu, "kompyuta ya watu imezeeka. Wewe si ndiyo ulisomea hii kitu?" Nilisomea, ndiyo. Na nilitaka sana kuonekana nilisomea.

Ukisikia seva, usifikirie lile jumba la Nairobi lenye baridi na taa za kumetameta. Hii ilikuwa kompyuta ndogo juu ya kabati la dawa, inakula umeme wa sola. Iliwekwa palepale kwa sababu inayojulikana na kila mtu wa barabara ya Wajir hadi El Wak: netiwaki si ya kutegemea. Kaskazini Mashariki al-Shabaab wamelipua milingoti ya simu mara nyingi, na mlingoti ukianguka mji unanyamaza. Ukiweka faili za wagonjwa mbali, siku hiyo huna faili. Kwa hivyo zahanati hubeba mzigo wake yenyewe, na anayebeba mzigo wake hana wa kumuapdetia.

Seva ile ilikuwa kwenye Ubuntu 14.04, toleo la Aprili 2014, ambalo msaada wake wa kawaida uliisha Aprili 2019. Maana yake ni kwamba tundu jipya likigunduliwa, hakuna anayekuletea kiraka. Mashine inaamka kila asubuhi, inafanya kazi vizuri, na kila asubuhi iko hatarini zaidi kuliko jana. Hapo Sista na mimi tulipishana. Kwake, kitu kisichobadilika ni kitu salama. Kwangu, programu huoza bila kubadilika, kwa sababu dunia inayoizunguka haikai.

Nina ushahidi. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, na kwa Waingereza kikaathiri takriban theluthi ya taasisi za hospitali za umma kule England. Dawa ilikuwepo miezi miwili. Na wala si Windows pekee. OpenMRS, mfumo huru wa faili za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret 2006, ndio msingi wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini. Nao uliwahi kukutwa na tundu, lililosajiliwa kama CVE-2018-19276, ambalo lingemruhusu mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva bila hata kuwa na nywila. Wenyewe walilitangaza na kuliziba, kama inavyotakiwa. Lakini kuziba huko kulimsaidia tu yule aliyepandisha toleo.

Kwa hivyo kutogusa ni uamuzi pia. Ni uamuzi unaorudiwa kila siku, ila hauna jasho, na hakuna anayekulaumu hadi mambo yaharibike. Hiyo hoja niliibeba hadi Kutulo, na bado naiamini. Shida ni kwamba niliamini inatosha.

Nilimwambia Sista kazi ni saa moja tu. Foleni ilikuwa nje tayari, akina mama na watoto. Nikatoa nakala rudufu kwenye flashi, nikaanza. Toleo jipya hupanga upya hazina ya data, jedwali kwa jedwali, na katikati ya kazi hiyo mawingu yakafunga, betri ya sola ikashuka, mashine ikazima. Ilipowaka, hazina ilikuwa nusu ya zamani na nusu mpya, haisomeki upande wowote. Nikasema poa, niko na bekapu. Nikaifungua. Flashi ilikuwa imejaa kabla nakala haijaisha, na mimi sikuwa nimeangalia. Nakala nzima ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma.

Siku kumi na moja za watu.

Sista hakupiga kelele. Alifungua droo akatoa kauntabuku yenye jalada jeusi. Yeye ni mtu wa Kitui, Kisomali chake kinanishinda mimi mwenyewe, na miaka yote ile, baada ya kuandika kwenye kompyuta, alikuwa akiandika tena kwa kalamu. Usiku mbili alinisomea na mimi nikachapa. Tulirudisha karibu vyote. Yasiyokuwa kwenye kitabu ni majibu ya maabara, maana hayo yaliingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Watu wanne ilibidi watolewe damu upya. Watatu walirudi. Wa nne, mama mmoja, alikuwa ameshaondoka na mifugo, na hakuna aliyejua amehamia malisho yapi.

Nimemuwaza sana huyo mama. Nilimkosea nini hasa?

Rafiki yangu wa Nairobi aliniambia, "Msee, ulikuwa unamlinda. Nia ilikuwa safi." Kweli, lakini nia ni yangu, na damu ni yake. Kwa Kiswahili tuna neno amana, na Wasomali wanalo pia. Katika fikihi ya Kiislamu, aliyewekewa amana halipi ikipotea, isipokuwa amefanya uzembe au amevuka mipaka. Nilipenda sana kanuni hiyo nilipoikumbuka, nikadhani imeniokoa. Mawingu si kosa langu! Halafu nikaisoma tena polepole. Sikupima betri. Sikufungua nakala kuona kama inafunguka. Nilianza foleni ikiwa mlangoni kwa sababu nilitaka kuonwa nikifanya kazi. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha ni matumaini tu, na mimi niliweka rehani matumaini yangu kwa faili za watu wengine.

Utaniuliza: sasa ulitaka umuombe kila mgonjwa ruhusa? Nani ataelewa mambo ya jedwali na matoleo? Na mimi nilijificha nyuma ya hoja hiyo. Lakini mama yule hakuhitaji kuelewa jedwali. Alihitaji kuambiwa hivi: leo tunafungua kompyuta, ikienda vibaya majibu yako yanaweza kupotea na utachomwa sindano tena, kwa hivyo ungependa tukuandikie kwenye karatasi kabla hujaenda? Mtu anayeamua kila msimu kama atahamisha mifugo leo au atangoje mvua wiki moja zaidi anaelewa hatari kuliko mimi. Kilichokosekana hapo kilikuwa heshima yangu.

El Wak, mbele ya Kutulo, maana yake ni visima vya Mungu. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono hujaa mchanga, lazima kifukuliwe, na siku ya kufukua hakuna anayechota. Nilimuuliza abti siku hiyo huchaguliwa vipi. Akaniangalia kama mtoto. "Unafukua wakati watu wana maji kwingine," alisema. "Na unawaambia kwanza."

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kumaliza kazi. Safari hii nilirejesha nakala yote kwenye laptopu yangu kwanza, nikampa Sista atafute wagonjwa anaowajua, aone kama wako sawa. Alimtafuta mmoja, akamtafuta wa pili, akaendelea hadi nikachoka mimi. Tulichagua siku isiyo ya kliniki ya watoto, tukabandika karatasi mlangoni kwa Kisomali na Kiswahili, na betri tukaijaza tangu jana yake. Kazi ikachukua saa tatu. Hakuna kilichopotea.

Nilimletea pia kauntabuku mpya. Akaipokea, akaandika tarehe ukurasa wa kwanza, kisha akageuka kuhudumia watu.

Kabla sijaondoka nilifungua mfumo mpya nikatafuta jina la yule mama. Yupo. Tarehe aliyokuja ipo, kipimo alichofanyiwa kipo, na mbele yake pa majibu ni patupu. Mfumo uliniuliza kama nataka kuifunga rekodi ambayo haijakamilika. Nikabonyeza hapana.